Kabla ya kuuzunguka Longonot, jipime ukingoni

JUMATATU asubuhi, katika majengo ya ofisi jijini Nairobi, si ajabu kumwona mtu akishuka ngazi kwa upande kama kaa, mkono mmoja ukiwa ukutani. Ukimwuliza kilichomsibu, atakwambia kuwa Jumamosi alikuwa Longonot na wenzake wa kazini. Kupanda ngazi hakumsumbui sana. Kinachomtoa machozi ni kushuka.

Wengi hudhani kwamba mlima humaliza kazi yake mtu anapofika juu, na kwamba kurudi ni kujiachilia tu. Dhana hiyo ndiyo huwafanya waanze safari kwa kasi, wamalize maji mapema, kisha wajikute mbali na lango miguu ikiwa haina nguvu. Katika mlima wa kuzunguka kama Longonot, kosa la namna hiyo lina gharama kubwa kuliko katika mlima ambao mtu hupanda na kurudi kwa njia ile ile.

Mlima huo uko kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Nairobi, katika Bonde la Ufa. Ni volkeno yenye kasoko kubwa juu yake, yaani shimo lililoachwa na moto wa ardhini, na kilele chake kina urefu wa mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Jina lenyewe limetokana na neno la Kimaasai linaloeleza mlima wenye migongo mingi na miinuko mikali. Kutoka langoni hadi kwenye ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Ukiongeza kurudi langoni, umetembea kilomita 13.4.

Msomaji na azitazame vizuri hesabu hizo. Mtu anayefika ukingoni akihema, akakaa chini na kupigwa picha, huhisi kwamba ameumaliza mlima. Kumbe amekwenda chini ya robo ya mwendo. Ukingo nao si tambarare. Ni mgongo unaopanda na kushuka, mahali pengine mwembamba, shimo likiwa upande mmoja na mteremko upande wa pili. Njia ni ya vumbi la majivu ya volkeno na vijiwe vinavyobingirika chini ya kiatu. Kuna sehemu za majabali ambapo miguu peke yake haitoshi, bali mtu hulazimika kushika mwamba kwa mikono. Kivuli ni haba, na maji ya kunywa hayapo.

Ukishafika katikati ya mzunguko, kuendelea mbele na kurudi nyuma ni sawasawa. Njia ya mkato haipo. Ndani ni kuta za kasoko, nje ni makorongo na vichaka wanamoishi nyati. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kuzunguka au kutozunguka hufanywa mahali pamoja tu, yaani pale njia ya kutoka langoni inapokutana na ukingo. Hapo ndipo mtu anapopaswa kuuhoji mwili wake.

Kwanza tueleze kwa nini miguu huisha. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi huku ikifupika. Unapoteremka, misuli hiyo hiyo hulazimika kurefuka huku ikiwa imekaza ili ikuzuie usianguke, mfano wa breki za lori lenye shehena likiteremka kuelekea Mai Mahiu. Kazi ya kuzuia huchubua nyuzi ndogo ndogo za misuli kuliko kazi ya kusukuma. Maumivu yake hayaji siku hiyo. Huja kesho yake, na huwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72 baada ya safari. Wako wanaosema kuwa ni asidi iliyobaki misulini. La hasha. Asidi hiyo huondoka katika muda wa saa moja au mbili baada ya kupumzika.

Hata hivyo, nguvu ya breki hupungua papo hapo, kabla maumivu hayajaanza. Ndiyo maana magoti hutetemeka mtu anaposimama kwenye mteremko. Goti linalotetemeka haliwezi kuurekebisha mguu uliokanyaga kijiwe, na kifundo hupinduka. Mzunguko wa Longonot una miteremko mingi ukingoni, halafu unakuwekea kilomita 3.1 za kuteremka mwishoni kabisa, wakati breki zimekwisha.

Basi, ufikapo ukingoni, keti dakika kumi. Hesabu mpigo wa moyo wako kwenye kifundo cha mkono kwa nusu dakika, kisha uzidishe kwa mbili. Ikiwa baada ya dakika hizo kumi bado unapita 100 kwa dakika, mwili haujarudi katika hali yake, na busara ni kungoja zaidi au kutosheka na ukingo. Kisha tafuta jiwe la kimo cha ngazi moja, usimame juu yake kwa mguu mmoja, ushuke polepole kwa kuhesabu hadi tatu. Fanya hivyo mara kumi kwa kila mguu. Goti likitetemeka asubuhi, je, litakuwaje alasiri?

Tazama maji yako pia. Kwa safari nzima beba lita tatu, na mtu wa mwili mkubwa abebe zaidi. Ukifika ukingoni ukiwa umebakiwa na chini ya lita mbili, usizunguke. Jiulize ulikojoa lini mara ya mwisho, na mkojo ulikuwa wa rangi gani. Ukiwa wa manjano hafifu, uko salama. Ukiwa wa manjano mazito, ulianza safari ukiwa tayari na upungufu wa maji, jambo la kawaida kwa watu waliosafiri alfajiri na kuogopa kunywa maji wasije wakaomba gari lisimame.

Na mwisho kabisa, tazama saa na mawingu. Mzunguko huchukua saa mbili hadi tatu kwa mtu wa kawaida, na zaidi kwa kundi kubwa, kwa kuwa kundi huenda kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Aliyefika ukingoni baada ya saa sita mchana hana nafasi ya kuteguka kifundo na bado afike langoni kabla ya giza. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, radi za alasiri ni hatari kubwa kwa mtu aliye juu ya mgongo wa mlima usio na miti mirefu.

Maji hayanywewi kwa pupa. Mafunda machache kila robo saa yanatosha. Kuna hatari nyingine isiyojulikana na wengi, nayo ni ya kunywa maji matupu kupita kiasi. Jasho hutoka na chumvi, na mtu anayerudisha maji pekee, lita baada ya lita, huipunguza chumvi katika damu yake. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, na hatimaye huchanganyikiwa. Wenzake hudhani amekaukiwa na maji, wakamzidishia yale yale yanayomdhuru. Njia rahisi ni kula vitu vyenye chumvi kidogo njiani, kama njugu karanga au mayai ya kuchemsha, na kuwa na chupa moja ya mchanganyiko wa nyumbani. Chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Viazi vitamu, nduma na ndizi mbivu ni vyakula bora vya safari. Kula kidogo kila saa bila kungoja njaa. Nyama choma ingoje hadi mrudi barabarani, na pombe ingoje zaidi.

Tukija kwenye majabali, sheria ya wapandaji ni kwamba viungo vitatu kati ya vinne viwe vimeshika daima. Mkono mmoja au mguu mmoja tu ndio unaosogea kwa wakati mmoja. Lijaribu jiwe kabla ya kuliamini. Nguvu itoke miguuni, mikono iwe ya kukuwekea mizani tu. Lakini kuna jambo la kiafya ambalo husahauliwa hapo. Mtu anapokaza mikono na kujivuta juu, aghalabu hubana pumzi bila kujua. Kukaza misuli hupandisha shinikizo la damu, na kubana pumzi hulipandisha zaidi kwa ghafla, kisha likashuka anapoiachia. Kijana mzima hatahisi chochote zaidi ya kizunguzungu kidogo. Mtu wa miaka 50 mwenye shinikizo la damu ambalo halijadhibitiwa yumo hatarini, tena akiwa juu ya mwamba. Toa pumzi kila unapojivuta. Ukiona aibu kuhema kwa sauti mbele ya wadogo zako, kumbuka kwamba wao pia wanahema.

Wenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo wapate ushauri wa daktari kabla ya siku ya safari. Si lazima daktari awakataze. Mara nyingi atarekebisha tu wakati wa kumeza dawa. Zipo dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo, na hizo huharakisha upungufu wa maji. Zipo nyingine zinazouzuia moyo kwenda mbio, na anayezitumia asikitegemee kipimo cha mpigo nilichoeleza hapo juu. Anayejidunga insulini anaweza kushukiwa na sukari saa kadhaa baada ya kutembea, hata usiku kitandani. Mwenye pumu asiiache dawa yake ya kuvuta ndani ya gari, maana vumbi la Longonot halina huruma. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen zisimezwe asubuhi kama kinga, kwani pamoja na upungufu wa maji zinaweza kuumiza figo.

Hewa ya huko juu ni nyepesi, ingawa mkazi wa Nairobi, aishiye karibu mita 1,800, ameizoea kwa kiasi. Anayetoka Mombasa au Malindi atachoka mapema zaidi, wala hilo si dalili ya uzembe. Jua nalo huongeza ukali kadiri unavyopanda, hata siku ya mawingu. Kofia pana na shati la mikono mirefu si urembo.

Mwenzako akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kugombana bila sababu huku mwili wake ukiwa moto, msimbembeleze aendelee. Hiyo yaweza kuwa dalili ya mwili kuzidiwa na joto, na inaua. Mlazeni kivulini, hata kama kivuli ni cha leso zenu, mmvue nguo za juu, mmlowanishe kwa maji na kumpepea bila kukoma, huku mmoja akipiga simu kwa askari wa wanyamapori walio langoni au nambari 999 au 112. Asiyeweza kumeza vizuri asinyweshwe. Nambari ya langoni ichukueni asubuhi mnapolipa ada.

Aliyeteguka kifundo afungwe kwa bandeji, na kiatu kisivuliwe kama bado mna mwendo, kwani mguu ukivimba hakitaingia tena. Akishindwa kupiga hatua nne kwa mguu huo, mchukulieni kama aliyevunjika mfupa hadi picha ya eksirei ionyeshe vingine.

Viatu viwe na soli zenye meno, tena viwe vimevaliwa nyumbani kwa wiki kadhaa. Raba zilizolika nyayo ni sawa na kutembea juu ya mahindi. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, kwa kuwa katika kuteremka vidole husukumwa mbele na kucha ndefu hugeuka nyeusi. Kabla ya kuanza kushuka, funga upya kamba za viatu, uzikaze zaidi karibu na kifundo.

Maumivu ya Jumatatu, kwa kawaida, hayahitaji dawa. Tembea kidogo, kunywa maji, ulale. Lakini misuli ikivimba na kuuma kupita kiasi, na mkojo ukawa na rangi ya chai kavu au kola, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mabaki ya misuli iliyoharibika yanaweza kuziba figo.

Kinga ya maumivu hayo inapatikana ofisini mwenu bila malipo. Misuli iliyowahi kufanya kazi ya breki mara moja huwa sugu kwa wiki kadhaa zinazofuata. Kwa hivyo, badala ya kupanda ngazi na kushuka kwa lifti kama wafanyavyo wanaojipa mazoezi, fanya kinyume. Panda kwa lifti, ushuke kwa miguu, polepole, ghorofa tatu siku ya kwanza, kisha tano, kisha nane. Anza wiki nne kabla ya safari, mara mbili kwa wiki, na siku nne za mwisho uache kabisa ili misuli ifike Longonot ikiwa imepumzika. Utaumwa kidogo baada ya siku ya kwanza ya ngazi, na wenzako watakucheka ukishuka kwa upande.