Irabu Saba, Irabu Tano: Mtoto Mchanga wa Gusii na Lugha Mbili

Mjini Kisii na Nyamira wapo wazazi wanaochelea kumsemesha mtoto mchanga Ekegusii, eti kitamvurugia Kiswahili. Hofu hii yafaa ihojiwe. Ekegusii kina irabu saba na toni bainifu; Kiswahili sanifu kina irabu tano, wala hakina toni hiyo. Werker na Tees (1984) walionyesha kwamba mtoto wa miezi sita hadi minane hutofautisha hata sauti za lugha ngeni. Akikaribia mwaka, uwezo huo hufifia kwa sauti asizozisikia. Kinachomdhuru Ekegusii basi ni kimya, si Kiswahili.

Tena si kila usemi hufaa. Kuhl na wenzake (2003) waliona watoto wa Kimarekani wa miezi tisa wakinasa sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliye mbele yao, si kwa televisheni. Nao LeVine na wenzake (1994) waliwakuta akina mama wa Gusii wakiwabeba na kuwatuliza wachanga mno, ila wakiwasemesha kidogo kuliko wenzao wa Boston. Aliyeshinda na mtoto ni omoreri, mlezi mdogo (tafiti zetu za lugha humsahau). Leo mjini nafasi yake ameishika yaya, ambaye huenda hajui Ekegusii hata kidogo.