Wasiwasi Usiokoma: Namna ya Kuutambua na Kuutibu

Hofu ni katika maumbile aliyojaaliwa binadamu ili imkinge na madhara. Mzazi hana budi kumhofia mwanawe aliyeshikwa na homa, na mwenye deni hana budi kuifikiria siku ya kulipa, lakini homa ikipoa na deni likiisha, moyo hutua na mtu akarejea katika shughuli zake. Maradhi tunayokusudia kuyaeleza humu, ambayo madaktari huyaita maradhi ya wasiwasi wa jumla, humnyima mtu utulivu huo: jambo moja likiondoka jingine hushika mahali pake, leo ada ya shule, kesho afya, kesho kutwa neno alilolinena jirani, na mgonjwa mara nyingi hutambua kwamba fadhaa yake imepita kiasi cha jambo lenyewe, ila kuizuia hawezi.

Natuchukue mfano wa mama mwenye duka la vitambaa mjini Tanga, ambaye mwanawe amepanda basi kwenda Dar es Salaam. Basi halijafika Segera naye amekwisha kumpigia simu mara kadhaa. Simu isipopokelewa, huiona ajali mbele ya macho yake kana kwamba imekwisha kutokea, mkono ukamtetemeka juu ya mita ya kupimia, na mteja akabaki amesimama. Kijana akiitika, mama hupata faraja ya kitambo kidogo, kisha huanza kuihofia safari ya kurudi. Usiku huamka saa nane, shingo na mabega yamemkaza, na usingizi haurudi tena. Amekwisha kupimwa malaria, presha na vidonda vya tumbo, na kila mara huambiwa ni mzima. Watu wa nyumbani humsifu kwa huruma yake ya uzazi, na yeye husema tu kwamba ana mawazo. Kwa hakika, sifa hiyo ni miongoni mwa mambo yanayoyaficha maradhi haya kwa miaka mingi.

Dalili zake

Daktari huyashuku maradhi haya iwapo wasiwasi umemwandama mtu siku nyingi kuliko siku za raha, kwa muda usiopungua miezi 6, tena ukaandamana na mambo matatu au zaidi katika haya: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kukusanya fikra, wepesi wa hasira, kukaza kwa misuli, na kuharibika kwa usingizi. Ipo pia hojaji ya maswali 7 iliyotolewa mwaka 2006, inayouliza hali ya wiki 2 zilizopita; alama zake za juu kabisa ni 21, na apataye 10 au zaidi yafaa achunguzwe. Tezi ya shingo ikizidisha kazi nayo hutetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio, hali kadhalika kahawa nyingi na mirungi, kwa hiyo vipimo vya mwili visidharauliwe.

Maradhi haya huwapata wanawake takriban mara mbili kuliko wanaume, na asili yake huchanganya urithi, mateso ya utotoni na dhiki za muda mrefu. Si upungufu wa imani. Dua na sala huufariji moyo, wala hakuna sababu ya kuziacha. Bali amwambiaye mgonjwa kwamba imani yake ni dhaifu humtwika mzigo wa pili.

Kuuacha wasiwasi bila jibu

Lililo muhimu kuliko yote ni kufahamu kwamba kila simu ya kuhakikisha huulisha wasiwasi huohuo unaokusudiwa kutulizwa, kwa sababu moyo hujifunza kwamba salama imetokana na kupiga simu. Katika tiba ya mazungumzo, mama huyu atapatana na mshauri kwamba apige simu moja tu, basi likishafika. Mara ya kwanza hofu itapanda sana, kisha itashuka yenyewe, na hilo ndilo somo ambalo maneno matupu hayawezi kumfundisha. Atatenga pia robo saa ya alasiri kwa ajili ya mawazo yake, na yanayomjia nje ya wakati huo atayaandika daftarini yangoje. Jamaa nao wamjibu mara moja kwa upole, wala wasirudie jibu lilelile mara ishirini kwa kumhurumia.

Wengi huchelea kwenda hospitali wakidhani watapelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, wakaitwa wendawazimu. Wasiwasi huu si wazimu, na aghalabu mgonjwa hutibiwa akiwa kwake, akianzia kituo cha afya kilicho karibu.

Dawa

Dawa kama sertralini na esitalopramu huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na siku za mwanzo zaweza kuzidisha kichefuchefu na wahaka. Mgonjwa asikate tamaa, wala asiziache ghafla apatapo afueni. Diazepamu hutuliza upesi, lakini mwili huizoea ukaitamani, kwa hiyo isinunuliwe dukani bila cheti, na aliyeitumia kwa muda mrefu apunguziwe na daktari kidogo kidogo.

Mgonjwa akisema kwamba amechoka kuishi au anafikiria kujiua, asiachwe peke yake, dawa na sumu ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.