Programu ya bure, leseni nyingi: jua ruhusa ya kila sehemu kabla ya kuuza au kubadilisha

Tuchukue mfano wa kijana mwenye saiba karibu na steji. Amechoka kuhofia msako wa kopi haramu. Ameondoa kwenye kompyuta zake programu za ofisi zilizonakiliwa kinyume cha sheria na kuweka LibreOffice, ambayo haitozwi ada. Wateja wameipenda, na sasa anapanga mambo manne: kuuza flashi zenye programu hiyo kwa shilingi 500, kuchapisha kadi za harusi na mabango kwa fonti zake, kuuza fonti hizo peke yake kwa wachoraji wa matangazo, na kurekebisha programu ili aiuze ikiwa bado na jina LibreOffice.

Mambo mawili kati ya hayo yameruhusiwa. Mengine mawili yanaweza kumtia matatani. Somo hili linaeleza tofauti, kwa manufaa ya wenye saiba, vikundi vya vijana, walimu na wanafunzi wa vyuo vya kiufundi.

Leseni ni nini hasa?

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi, pamoja na vitabu. Mwenye hakimiliki ndiye mwenye haki ya kuinakili, kuibadilisha na kuisambaza. Mtu mwingine anahitaji ruhusa yake, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) ndiyo inayosimamia sheria hii.

Katika programu huria, wenyewe wametoa ruhusa mapema, kwa maandishi, kwa kila mtu: itumie, chunguza ilivyoundwa, ibadilishe, wape wengine. Hawakuitupa mali yao, wala hawakuacha hakimiliki. Ruhusa yao ina masharti. Ukiyavunja, unabaki huna ruhusa, na machoni pa sheria unakuwa umenakili kazi ya mtu bila idhini.

Nyumba moja, vibali vingi

Mwenye hoteli anajua kwamba kibali cha biashara hakimruhusu kuuza pombe. Hiyo ni leseni nyingine. Wahudumu wa chakula nao wanahitaji vyeti vya afya. Jengo ni moja, lakini kila shughuli ina karatasi yake.

Programu kubwa iko vivyo hivyo. LibreOffice ilizinduliwa Septemba 2010 kutokana na msimbo wa OpenOffice.org, na inasimamiwa na The Document Foundation, wakfu wenye makao Berlin, Ujerumani. Ukiiweka kwenye kompyuta unapata Writer ya kuandika barua, Calc ya mahesabu na Impress ya kuandaa maonyesho. Pamoja nazo zinakuja kamusi za kukagua tahajia na fonti. Vitu hivyo viliundwa na watu tofauti, kwa nyakati tofauti, na kila mmoja alichagua leseni yake. Tuvitazame kimoja kimoja.

1. Programu yenyewe

LibreOffice hutolewa chini ya leseni ya Mozilla, toleo la 2.0, inayofupishwa MPL 2.0. Kuitumia ofisini, shuleni au kwenye saiba hakuna sharti la malipo wala la kujisajili. Barua na hesabu unazoandika kwa programu hiyo ni zako.

Kuisambaza kwa wengine, hata kwa malipo, pia kumeruhusiwa. Sharti ni kumweleza anayeipokea mahali anapoweza kupata msimbo wake, yaani maandishi ya waundaji ambayo programu imejengwa kwayo. Karatasi ndogo inayoambatana na flashi inatosha kueleza hivyo, mradi msimbo wenyewe upatikane kweli, bila mnunuzi kutozwa zaidi ya gharama ya kuufikisha kwake.

Ukibadilisha msimbo kisha ukasambaza programu uliyobadilisha, faili ulizogusa zinabaki chini ya leseni ileile na lazima uzitoe wazi. Lakini faili mpya ulizoandika mwenyewe kuanzia mwanzo unaweza kuziwekea leseni unayotaka. Hii ndiyo sifa kubwa ya MPL: sharti linafuata faili, si mradi mzima. Kijana anayetaka kuunda kitu cha kuuza juu ya kazi ya wengine anahitaji kuielewa mapema, kabla hajachanganya msimbo wake na wa wengine katika faili moja.

Kumbuka pia kwamba leseni hii inasema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Ukimwahidi mteja kwamba utaitengeneza ikikwama, ahadi hiyo ni yako binafsi. Unaruhusiwa kutoza ada kwa huduma hiyo, lakini usimwambie mteja kwamba waundaji ndio watakaowajibika.

2. Kamusi za tahajia

Hapa leseni zinaongezeka. Kamusi ya maneno ya Kiingereza yenye maana zinazokaribiana ilitokana na WordNet, kazi ya Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani. Leseni yake inaruhusu karibu kila matumizi bila ada, mradi uhifadhi tangazo la hakimiliki na usitumie jina la chuo hicho kujitangaza.

Kamusi nyingine nyingi ziko chini ya leseni za GPL au LGPL. Tuseme kikundi cha vijana kimeamua kuongeza majina ya miji, mito na mitaa yetu katika orodha ya maneno yenye leseni ya namna hiyo, ili kompyuta isiyapigie mstari mwekundu. Wanaruhusiwa kabisa. Lakini wakianza kuisambaza orodha hiyo, lazima waitoe kwa leseni ileile. Hawawezi kuifunga na kusema ni mali yao peke yao, kwa sababu nao walipewa msingi wake bila kufungiwa.

3. Fonti

Sehemu hii inawagusa sana wachapishaji. Miongoni mwa fonti zinazokuja na LibreOffice ni Liberation, ambazo herufi zake zina upana sawa na zile za Arial, Times New Roman na Courier New, ili barua isivurugike ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Matoleo yake ya sasa yana leseni ya fonti huria ya SIL, toleo la 1.1.

Leseni hiyo inakuruhusu kuchapisha kadi, mabango na vitabu na kulipwa. Kazi uliyochapisha haifungwi na leseni ya fonti. Unaweza pia kuzisambaza na kuziuza zikiwa ndani ya kifurushi cha programu. Kilichokatazwa ni kuuza fonti peke yake. Ukirekebisha umbo la herufi na kuzisambaza, zinabaki chini ya leseni ileile, na huruhusiwi kutumia jina ambalo mwenye fonti amelihifadhi.

4. Jina na nembo

Wengi hujikwaa hapa. Leseni ya MPL inatoa ruhusa juu ya msimbo, lakini inasema wazi kwamba haitoi haki juu ya alama za biashara. Jina LibreOffice na nembo yake ni alama za The Document Foundation. Ukisambaza programu kama ulivyoipokea, unaweza kuiita kwa jina lake. Ukiigeuza kwa kiasi kikubwa, unahitaji idhini ili kuendelea kutumia jina hilo. Vinginevyo, ipe jina lako.

Sababu inaeleweka. Mteja akinunua programu iliyochezewa ikiwa na jina la wengine, na barua zake zikapotea, atawalaumu watu ambao hawakuhusika.

Je, ukikosea?

MPL 2.0 inasema ruhusa yako inaisha yenyewe unapovunja masharti. Hata hivyo haikufungii mlango. Ikiwa ni mara yako ya kwanza kupata ilani kutoka kwa mwenye hakimiliki huyo, na ukarekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu kuipokea, ruhusa inarejea. Kwa hiyo ukipokea ilani, usiipuuze.

Namna ya kujua leseni ya kila sehemu

• Fungua LibreOffice, nenda kwenye menyu ya "Help", kisha ubofye "License Information". Hapo utapata leseni kuu pamoja na leseni za sehemu zilizotoka kwa wengine.
• Kwa programu nyingine huria, tafuta faili iitwayo LICENSE, NOTICE au COPYING.
• Usifute faili hizo unaponakili programu. Kuzihifadhi ni miongoni mwa masharti.
• Kabla ya kuuza au kubadilisha, andika orodha ya sehemu unazogusa na leseni ya kila moja.

Jibu kwa kijana wetu

Auze flashi zake, akiambatanisha maelezo ya mahali msimbo unapopatikana. Achapishe kadi na mabango bila wasiwasi. Asiuze fonti peke yake. Na akiirekebisha programu, aipe jina jingine na atoe wazi faili alizobadilisha. Akifanya hivyo, biashara yake itasimama bila kuogopa msako, na hatakuwa ametumia senti kununua leseni.

Jipime

1. Kwa nini programu isiyotozwa ada bado ina mwenyewe?
2. Mwalimu ameweka LibreOffice kwenye kompyuta 20 za shule bila kubadilisha chochote. Je, kuna malipo anayodaiwa?
3. Umeongeza maneno 300 katika kamusi yenye leseni ya GPL na unataka kuiuza. Mnunuzi wako atakuwa na haki gani juu ya orodha hiyo?