SOMO LETU: TAKWIMU ZA SERIKALI NA MFUKO WA MFANYAKAZI

Tukikaa mezani na mwajiri kuzungumza mishahara, yeye hufungua karatasi na kusema, "Bei zimepanda asilimia chache tu." Karatasi imetoka serikalini, nasi hunyamaza. Leo tujifunze kuihoji.

Hesabu ya bei hufanywaje? Huchaguliwa vitu vinavyonunuliwa na watu: unga, sukari, mafuta ya taa, nauli, kodi ya nyumba. Kila kitu hupewa uzito wake, na makarani huandika bei zake kila mwezi. Hesabu hiyo yaweza kupotoka bila hila yoyote, ikiwa uzito ni wa zamani au umefuata matumizi ya wenye uwezo. Yaweza pia kupotoshwa kwa makusudi.

Tutazame Argentina. Mwanzoni mwa mwaka 2007 serikali ilimwondoa Graciela Bevacqua, aliyesimamia hesabu ya bei katika taasisi ya takwimu, INDEC. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, hesabu rasmi ilisema bei zinapanda kama asilimia 10 kwa mwaka. Wachunguzi wa nje walipata asilimia 20 na zaidi. Mwaka 2011 baadhi yao walitozwa faini kwa kutangaza hesabu zao. Wafanyakazi wa INDEC wenyewe waliandamana kupinga. Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa liliikaripia Argentina rasmi. Hesabu mpya ya bei ilianza kutolewa Juni 2016, baada ya serikali kubadilika.

Hasara ni ya nani? Tuseme mshahara wako ni shilingi 100,000. Karatasi inasema asilimia 10, nawe unaongezwa 10,000. Lakini sokoni bei zimepanda asilimia 25. Vitu vya 100,000 sasa ni 125,000, nawe una 110,000. Umepunguziwa mshahara huku unapigiwa makofi kwa nyongeza! Vyama vya Argentina vililitambua hilo. Vingi vilidai nyongeza kwa kufuata bei za dukani, vikapata zaidi ya hesabu rasmi.

Sasa upande wa uzalishaji. Liaoning ni jimbo la viwanda huko China. Mwaka 2007 kiongozi wa chama wa jimbo hilo, Li Keqiang, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu, alimweleza balozi wa Marekani kwamba hesabu za pato la jimbo si za kutegemewa. Yeye alitazama umeme uliotumika, mizigo ya reli na mikopo ya benki. Januari 2017 gavana wa jimbo hilo alikiri kwamba hesabu za miaka ya 2011 hadi 2014 zilitiwa chumvi.

Kwa nini umeme? Kwa sababu mita husomwa ili watu walipe, na si rahisi mtu alipie umeme asioutumia. Lakini umeme nao si shahidi wa yote: kiwanda cha chuma kikifungwa na cha nguo kikafunguliwa, umeme hupungua ingawa kazi ipo. Ndiyo maana tunatafuta mashahidi watatu, si mmoja.

Hatusemi kila takwimu ni uongo. Bila takwimu hatuna la kudai. Tunasema tuzipime.

Kazi ya kila tawi: chagueni vitu kumi mnavyonunua nyote. Andikeni bei zake kila mwisho wa mwezi, duka lile lile, kipimo kile kile. Mwajiri akisema uzalishaji umeshuka, hesabuni magunia yaliyopita mizanini na malori yaliyotoka getini. Daftari hilo liende mezani pamoja nanyi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika nyumba yako, ni kitu gani kinachokula sehemu kubwa ya mshahara?
2. Nani hufaidika hesabu ya bei ikishushwa?
3. Katika kiwanda au shamba lenu, ni mashahidi gani watatu wa uzalishaji?