Ushauri: Sketi ya zamani, safari ya Rhamu hadi Nairobi

SWALI

Shangazi, mimi ni msichana wa hapa Rhamu. Mwezi ujao naenda Nairobi kuanza chuo, na nitapanda basi linalopita Elwak, Wajir na Garissa. Eedo yangu, dada wa baba, anayeishi Minneapolis ameniletea kigezo cha karatasi cha kukatia sketi, cha miaka ya 1960, alichokipata kwenye duka la vitu vya zamani. Ni sketi ya vipande sita, vitatu mbele na vitatu nyuma, imeshika kiunoni na kumwagika chini. Nimeipenda mno. Nataka kuishona mwenyewe kwa cherehani ya kukanyaga ya hooyo, mama yangu, niivae safarini chini ya jilbabu.

Bahasha imeandikwa saizi 14. Madukani huvaa 14, lakini nikiipima karatasi naona haitaniingia. Kiuno changu ni inchi 32, nyonga 42. Tena sketi yenyewe inaishia chini kidogo ya goti. Hooyo anasema niachane na makaratasi, ninunue abaya. Nifanyeje?

Msafiri, Rhamu

JIBU

Binti yangu, shona. Karatasi hiyo ilichorwa na mtu aliyejua vizuri namna kitambaa kinavyoanguka kutoka nyongani, na ujuzi huo ni wa kuutunza. Vipimo, urefu na mifuko hutegemea mwili wako na safari yako, na vyote hivyo virekebishe kwenye karatasi kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Tuanze na saizi. Kampuni za vigezo za Marekani zilibadilisha vipimo vyao mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo, 14 ilikuwa mwili wa kifua inchi 34, kiuno 26 na nyonga 36. Kwa hiyo hujanenepa wala hujakosea kupima. Namba ni ile ile, mwili unaokusudiwa ni mwingine. Soma vipimo vilivyo nyuma ya bahasha, usiisikilize namba ya saizi.

Sasa nakili kigezo kwenye karatasi ya kaki au magazeti. Karatasi ya zamani ni nyembamba na hupasuka kwenye mikunjo, hivyo ile ya eedo irudishe ndani ya bahasha ikiwa nzima. Angalia pia kama nafasi ya mshono imehesabiwa ndani; vigezo vingi vya Kimarekani huacha inchi 5/8.

Kama bahasha yako ni ya vipimo hivyo vya zamani, unapungukiwa inchi 6 kiunoni na inchi 6 nyongani. Hapo ndipo vipande sita vinapokusaidia, maana vina kingo kumi na mbili: ongeza nusu inchi kila ukingo, kutoka kiunoni hadi chini, na umbo halitaharibika; mkanda nao urefushe kwa inchi hizo 6. Ukiongeza zote ubavuni, sketi itatoka masikio kwenye nyonga.

Halafu chukua busara ya googarad, lile gagulo unalovaa chini ya gauni la dirac. Kiuno chake kinakubali mtu akae, ale, alale. Mkanda mgumu wa miaka ya 1960 haukukusudiwa safari ya basi ya zaidi ya kilomita 800. Mbele uache ulivyo, ukae bapa. Nyuma, ongeza nusu inchi nyingine kwenye kila ukingo wa vile vipande vitatu. Utapata inchi 3 za ziada. Refusha na mkanda wa nyuma kwa inchi 3 hizo, pitisha mpira ndani yake, uvute mpaka kiuno kirudi 32. Zipu iache ubavu wa kushoto.

Kuhusu urefu, wengi hurefusha kwa kuendeleza mistari ya kando chini ya pindo. Kwa sketi inayomwagika, kila inchi unayoshuka inaongeza upana, na mwishowe unakanyaga nguo yako ukipanda ngazi ya basi. Badala yake, piga mstari wa kukata katikati ya nyonga na pindo, mahali pamoja katika vipande vyote. Kata, tenganisha kwa inchi unazohitaji, bandika karatasi katikati, kisha nyoosha mistari ya kando. Upana wa chini hautaongezeka tena.

Kitambaa: joto la kwetu unalijua, na polista tupu itakuchoma kwenye kiti. Nunua pamba iliyochanganywa na polista, nzito kiasi cha kutohitaji gagulo ndani, yenye rangi au maua yanayostahimili vumbi. Dukani, kifumbate mkononi kwa nguvu kisha ukiachie. Kikibaki na makunyanzi pale pale, kitafika Wajir kikiwa hivyo hivyo. Usinunue kwa kufuata jedwali la bahasha, kwani lilihesabu kwa yadi, yaani sentimita 91, na mara nyingi kwa kitambaa cha upana wa inchi 36. Maduka yetu hupima kwa mita, na majora mengi ni ya inchi 45 au 60. Tandaza vipande ulivyorekebisha sakafuni ndani ya upana wa kitambaa chako, upime, ndipo uende dukani. Kifue kitambaa kabla ya kukikata ili kirudi sasa, kisirudie mwilini.

Mfuko usiukose. Njia nzima kuna vizuizi vya ukaguzi, na kwenye kila kimoja huenda ukaombwa kitambulisho. Weka mfuko ndani ya mshono wa ubavu wa kulia, mkono wako unapofika wenyewe, wa kitambaa kigumu na wenye zipu ndogo, mpana wa kuingia kitambulisho, simu na nauli. Ukiwa chini ya jilbabu, utaingiza na kutoa mkono bila kuhangaika na mkoba.

Kabla ya kukata kitambaa kizuri, kata leso kuukuu na uishone kwa bandi. Vaa, kisha fanya yale utakayofanya njiani: kaa mkekani ukiwa umekunja miguu, chuchumaa kama chooni, panda stuli, sujudu. Ikibana ukichuchumaa, nyonga zinataka nafasi zaidi. Ikipanda juu ya vifundo ukirukuu, ongeza urefu. Sahihisha karatasi, ndipo ukate.

Ukimaliza kushona, usipinde siku hiyo. Kingo za vipande hivyo zimekatwa mshazari na zitashuka kwa uzito wake. Itundike usiku kucha, kisha vaa viatu vya safari, usimame wima, na mtu mwingine apime kutoka chini akitia chaki kuzunguka. Inchi mbili juu ya ardhi zitakuepusha na tope na sakafu za vyoo vya njiani.

Mwombe hooyo akupimie pindo hilo. Hofu yake ni ya haki: anataka uondoke umesitirika na umestarehe, na hajaona bado kwamba sketi hii inaweza kukupa yote mawili. Mwoneshe ile ya leso ukiwa umekaa na ukiwa umesujudu, umsikilize akisema inapobana. Aliyekushonea tangu utotoni anaujua mgongo wako kuliko bahasha yoyote.

Safari njema, na masomo mema.