Kuchonga mtu anayeota majani

Kabla hujanunua ubao wa kuchongea chapa, nenda sokoni Kariakoo na penseli, usimame mbele ya tangawizi. Mmea huo umekufanyia nusu ya kazi: una vidole, una vifundo, hata mikunjo ya ngozi unayo. Muhogo ni paja na goti. Jani la mpapai ni kiganja. Chora hivyo kwanza, mtu baadaye. Anayeanza na mtu huishia kumbandika majani kichwani, na hapo amechora mtu aliyevaa taji, basi.

Kazi yote iko kwenye maungio. Mtu ageuke mmea pale mwili wenyewe unapojikunja: kiwiko, shingo, kifundo cha mguu. Mstari wa nje wa mkono uingie kwenye tawi bila kukatika, na mshipa wa mkono uendelee hadi uwe mshipa wa jani. Ukijikuta unachora bangili ili kuficha mshono, futa. Inua macho hapohapo sokoni uone jengo kuu la msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975: nguzo inapanuka juu mpaka inakuwa paa, na huwezi kuonyesha kwa kidole ilipoishia. Huko Antwerp, msanii Cornelis Floris alishughulika na tatizo lilelile katika vinyago vyake vilivyochapishwa 1555, nyuso zilizochanganywa na majani na viumbe wa baharini. Wamakonde wanaochonga mashetani hufuata mkunjo wa mpingo wenyewe. Nawaona mabingwa zaidi ya Floris.

Mpingo lakini usiuguse kwa kazi hii, ni mgumu mno. Tafuta kipande cha MDF kwa wauza mbao: hakina nyuzi za kupotosha patasi. Kipake vanishi nyepesi kisinywe wino, kikauke, ukilainishe kwa msasa. Patasi ndogo zikikushinda bei, chukua ubavu wa chuma wa mwavuli mbovu, ule wenye mfereji; noa ncha, utie mpini. Mkono usiochonga ukae nyuma ya makali daima.

Hamisha mchoro kwa karatasi ya kaboni, ukiwa umeugeuza, kwani chapa hutoka kinyume. Unachochonga kitabaki cheupe. Mikwaruzo ya kivuli iende upande mmoja kutoka begani hadi ncha ya jani. Ukichonga ngozi kwa mtindo mmoja na jani kwa mwingine, umerudisha mshono ulioufuta.

Tumia wino wa mafuta, maana wa maji hukauka upesi kwenye joto la Dar. Usambaze kwa rola, tabaka jembamba, laza karatasi, sugua mgongo wake kwa kijiko cha mbao.

Chonga kidogo kuliko unavyotamani, kwa sababu mbao iliyotoka hairudi. Toa chapa ya kwanza, itundike ukutani, uitazame kutoka mlangoni. Jicho likikwama kiwikoni, ongeza mikwaruzo michache inayovuka kiungo, uchape tena.