Pesa zipo, watoto hawapo

Swali: Walter White wa tamthilia ya Breaking Bad anatajirika kweli. Sasa ndoto ya Marekani inakosolewa wapi?

Jibu: Rudia kipindi cha kwanza, cha 2008. Mwalimu wa kemia huko Albuquerque, mshahara haumtoshi, akitoka shule anaenda kuosha magari, na siku hiyo anasugua magurudumu ya gari la mwanafunzi wake. Ahadi kwamba jasho hulipa imeshavunjika pale, kabla hata hajaambiwa ana saratani. Baadaye anatajirika kwa kutengeneza dawa za kulevya, na mkewe, Skyler, anamwonyesha lundo la noti kwenye stoo ya kukodi. Kuhesabu kumemshinda, anazipulizia dawa ya wadudu tu. Picha hiyo hainitoki kichwani, maana watoto wenyewe wakati huo wanaishi kwa dada yake Skyler. Mwishowe Walter anakiri: aliyafanya yote hayo kwa ajili ya nafsi yake.